Macho Hayana Pazia: Sayansi ya Asante Sokoni

Jumamosi iliyopita nilikuwa soko la Ilala, Dar es Salaam, nimekaa juu ya kreti la soda nikisubiri kuku wangu anyonyolewe. Kijana wa kunyonyoa alikuwa na kuku saba wa watu wengine kabla ya wangu, na maji yake yalikuwa bado hayajachemka sawasawa. Sikuwa na pa kwenda. Basi nikafanya kile ambacho kila mtu hufanya akikosa la kufanya sokoni: nikaanza kutazama watu.

Mbele yangu alikuwa mama anayeuza nyanya. Alikuwa akipanga mafungu juu ya gunia, nne chini na moja juu, na kila nyanya aliizungusha kwanza mkononi ili shavu lake zuri limtazame mteja na lile lenye kovu lilale chini. Mzee mmoja alipita na mkokoteni uliojaa magunia ya viazi, shingo imemtoka mishipa, akipaza sauti: "Pisha! Pisha mbele!" Kando ya mama yule, binti wa kama miaka tisa alihesabu chenji mara mbili, akaifunga kwenye ncha ya khanga, kisha akaifungua akahesabu mara ya tatu. Sikumjua hata mmoja wao kwa jina, lakini chakula changu cha wiki nzima kilikuwa mikononi mwao.

Wahenga walisema macho hayana pazia. Ni kweli, ila kuona ni kitu kimoja na kutambua ni kingine. Nimenunua nyanya kwa mama yule kwa zaidi ya mwaka mzima, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona jinsi anavyozigeuza. Nilijikuta nawashukuru wote watatu kimoyomoyo, na nikajihisi mwepesi kuliko nilivyokuja. Je, wepesi ule ulikuwa na maana yoyote, au ilikuwa harufu ya vitumbua tu? Bahati nzuri, swali hilo watafiti wa tabia na akili za watu wameshalishughulikia kwa miaka zaidi ya ishirini, na majibu yao yanastahili kuletwa nyumbani.

Mambo mawili yamejitokeza tena na tena. La kwanza ni kwamba mtu anayejipa kazi ya kuhesabu mema aliyotendewa, hata yale madogo kabisa, kwa wastani huridhika na maisha yake kidogo zaidi kuliko anayehesabu kero. La pili ni kwamba maongezi mafupi na watu tusiowajua vizuri, yaani muuza duka, kondakta, jirani wa mtaa wa pili, yana mchango wake katika furaha ya siku, mbali na ule wa ndugu na marafiki. Tulizoea kuwaona watu hawa kama wapita njia katika maisha yetu. Kumbe nao ni sehemu ya lishe.

Hayo yalijulikanaje? Jaribio maarufu zaidi lilichapishwa mwaka 2003 huko Marekani. Wanafunzi wa chuo waligawanywa katika makundi matatu kwa bahati nasibu. Kundi la kwanza liliandika, mara moja kwa wiki kwa muda wa wiki kama 10, mambo yasiyozidi matano wanayoyashukuru. La pili liliandika kero zilizowasibu, mathalani kukosa pa kuegesha gari. La tatu liliandika tu mambo yaliyotokea, yawe mazuri au mabaya. Mwishoni, wale wa shukrani walisema wanayaona maisha yao kwa jumla kuwa mazuri zaidi, walikuwa na matumaini zaidi na wiki inayofuata, na walilalamikia maumivu madogo madogo ya mwili kidogo kuliko wenzao. Uzuri wa jaribio la namna hii uko kwenye ile bahati nasibu. Kama watu wangejichagulia makundi, tungesema wenye furaha ndio waliokimbilia shukrani. Kwa kuwa waligawanywa bila kuchagua, tofauti iliyoonekana inaweza kuhusishwa na lile zoezi lenyewe.

Miaka kadhaa baadaye watafiti wengine walitoka nje wakaenda mahali watu wananunua na kuuza. Katika mji wa Vancouver, Kanada, waliwasimamisha watu mlangoni mwa mgahawa wa kahawa. Nusu yao waliambiwa: ingia, hela yako iwe tayari, nunua, toka, usipoteze muda kwa maneno. Nusu nyingine waliambiwa: mtabasamie muuzaji, mtazame usoni, zungumza naye maneno mawili matatu. Walipotoka waliulizwa wanajisikiaje. Walioongea na muuzaji walikuwa na furaha zaidi, na walijihisi zaidi kuwa ni watu wenye kwao pale mtaani. Kahawa ilikuwa ile ile.

Huko Chicago, Marekani, abiria wa treni waliombwa wafanye jambo ambalo wengi wao hulikwepa: kuzungumza na asiyemjua aliyeketi jirani. Wengine waliombwa wakae kimya peke yao. Walipoulizwa abiria wengine watabiri lipi lingekuwa bora, walisema bila shaka ni kimya. Waliofanya kweli walileta jibu kinyume chake: safari ya maongezi ilikuwa tamu zaidi. Na huko Ankara, Uturuki, abiria walioambiwa wamsalimie dereva wa basi, wamshukuru au wamtakie heri walishuka wakiwa na hisia njema kuliko wale ambao hawakupewa kazi hiyo.

Lipo jaribio jingine la mwaka 2012 ambalo mimi limenigusa zaidi, kwa sababu ni dogo mno. Msaidizi wa watafiti alitembea kwenye njia za chuo kimoja Marekani akipishana na watu. Wengine aliwatazama machoni, wengine aliwatazama na kutabasamu, na wengine aliwatazama kama mtu anayetazama hewa, macho yakipita juu yao bila kutua. Hatua chache mbele mtafiti wa pili aliwasimamisha na kuwauliza kwa kiasi gani wanajihisi kutengwa na watu. Wale waliotazamwa kama hewa walijihisi kutengwa zaidi kuliko waliotambuliwa kwa jicho tu. Mtu usiyemjua, asiyekusemesha, kwa muda wa sekunde moja.

Sasa tulete hayo kwetu. Msomaji aliyelelewa na bibi anaweza kucheka. Watu wazima hawa walihitaji majaribio na madodoso kugundua salamu? Shikamoo, marahaba, habari za asubuhi, za nyumbani, watoto hawajambo, mnaendeleaje: kwa bibi, kumpita mtu bila hayo kulikuwa kama kumkanyaga. Utafiti haukutuletea desturi mpya. Umetuambia kwamba ile tuliyonayo inafanya kazi, na kwa hiyo si jambo la kuacha lipotee bila kufikiri.

Na linapotea, hasa mijini. Tunaingia dukani na visikizi masikioni. Tunauliza "bei gani?" kabla ya "habari gani?". Tunalipa kwa simu, muuzaji anatazama skrini, sisi tunatazama skrini, ujumbe wa muamala unaingia, na biashara imekwisha bila uso kukutana na uso. Siilaumu simu, imemwondolea mama wa nyanya hofu ya noti bandia na wezi wa jioni. Ila tukumbuke kwamba zile sekunde za kusubiri ujumbe uingie zinatosha kabisa kuuliza, "Leo biashara inaendaje, mama?"

Kwa mkulima, habari hii ina sura yake. Nyanya nyingi tunazokula Dar es Salaam hutoka Ilula, mkoani Iringa, zaidi ya kilomita 400. Zinachumwa zikiwa bado ngumu, zinapangwa kwenye matenga, zinashuka mlima Kitonga usiku, zinapita Mikumi, Morogoro na Chalinze, na alfajiri zinapokelewa na wapagazi. Asante yangu inaishia kwa mama wa gunia, na aliyemwagilia haisikii kamwe. Je, ingebadilisha chochote kama angeisikia? Jaribio moja la Marekani linatoa dokezo. Watu waliombwa na mwanafunzi wamsaidie kurekebisha barua yake ya maombi ya kazi. Baada ya kusaidia, baadhi walijibiwa kwamba barua imepokelewa, basi. Wengine walijibiwa kwa asante ya dhati. Mwanafunzi yule alipoomba msaada tena, waliokubali katika kundi la kwanza walikuwa asilimia 32, na katika kundi lililoshukuriwa asilimia 66. Ajabu zaidi, katika jaribio lililofuata, alipokuja mwombaji mwingine kabisa, waliokubali kumsaidia walikuwa asilimia 25 dhidi ya 55. Asante ya mtu mmoja ilimfaidi mtu wa tatu. Na kilichowasukuma, kwa mujibu wa watafiti, ni kujiona kwamba wana thamani kwa wengine.

Ikiwa ni hivyo, dalali anayempigia mkulima simu kumwambia "mzigo umefika mzima, wateja wameusifu" anafanya zaidi ya adabu. Kikundi cha umwagiliaji kinachofungua kikao kwa kumtaja aliyezibua mfereji wiki iliyopita hakipotezi muda. Ni jambo la dakika moja, halina gharama, na kwa ushahidi tulionao lina nafasi nzuri ya kumfanya mzibua mfereji arudi.

Kwa mvuvi, desturi iko tayari ufukweni. Chombo kinapofika, watu wanaosaidia kukivuta juu ya mchanga hupata kitoweo. Samaki wawili watatu kwenye kikapu cha mtoto ni malipo, lakini pia ni njia ya kusema nimekuona umeshika kamba. Nahodha mchoyo wa kitoweo na wa maneno hugundua haraka jinsi chombo kilivyo kizito.

Kwa mama anayerudi jioni na mifuko mikono miwili, sitaki kuongeza kazi nyingine. Kwa hiyo nimefurahi kukuta kwamba katika utafiti mmoja, waliohesabu mema yao mara moja kwa wiki walinufaika, na waliofanya hivyo mara tatu kwa wiki hawakuonekana kunufaika. Jambo likifanywa kila siku kama dawa huisha ladha. Basi inatosha siku moja, labda Jumapili wakati wa chakula, kumuuliza kila mtoto: "Wiki hii nani alikusaidia, na ulimwambiaje?" Mtoto atamtaja kondakta aliyempisha, mwalimu, au rafiki aliyemwazima kalamu. Akikosa la kusema, mwache ale.

Kwa mwanafunzi, hasa anayekaribia kumaliza na kuanza kutafuta kazi, upo utafiti uliofanyika karibu na Boston, Marekani, na kuchapishwa mwaka 1973. Watu waliopata kazi kupitia mtu waliulizwa walikuwa wanaonana na mtu huyo mara ngapi. Waliosema mara kwa mara walikuwa karibu asilimia 17 tu. Wengine wote walisema mara moja moja, au kwa nadra. Sababu yake ni rahisi: rafiki zako wa karibu wanajua yale yale unayoyajua wewe, wakati mtu wa mbali kidogo anaishi kwenye habari nyingine. Kwa lugha ya mtaani, mchongo mara nyingi unatoka kwa mtu ambaye hukumtarajia. Usimsalimie mtu kwa kuwinda kazi. Watu huinusa salamu yenye ndoano. Lakini kijana anayejulikana na fundi simu, muuza magazeti na mlinzi wa geti ana masikio mengi mjini.

Hapa ndipo ninapopaswa kupunguza mwendo, maana habari njema ikibebwa kwa pupa humwagika njiani. Kwanza, manufaa haya ni madogo. Watafiti walipokusanya majaribio mengi ya shukrani na kuyapima pamoja, walikuta faida ipo ila ni ya kiasi, na hupungua zaidi pale kundi la pili linapopewa zoezi jingine la kupendeza badala ya kuandika kero. Dhidi ya sonona na wasiwasi uliopitiliza, matokeo yake ni hafifu. Mtu aliyelemewa na huzuni wiki kadhaa, asiyelala wala kula, anahitaji mhudumu wa afya. Kumwambia ahesabu baraka zake ni kumwongezea mzigo wa kujiona mkosefu wa shukrani.

Pili, wengi waliopimwa ni wanafunzi wa vyuo katika nchi tajiri, na furaha yao ilipimwa kwa maneno yao wenyewe. Watu hawafanani kila mahali. Utafiti uliolinganisha Wamarekani na Wakorea Kusini ulikuta zoezi la shukrani liliwafaa Wakorea kwa kiwango kidogo kuliko Wamarekani. Sishangai sana. Sisi wenyewe tunajua kuna asante inayokuja na deni, na anayeomba mara nyingi kwa jirani huichoka hata sauti yake mwenyewe akishukuru.

Tatu, sokoni kuna wanaotumia maongezi vibaya. Binti anayeshikwa mkono na kuitwa majina kila anapopita hadaiwi tabasamu na mtu yeyote. Majaribio yale yalifanyika mahali ambapo watu walikuwa salama, na usalama ndio kiwanja ambamo salamu huchezwa.

La nne ndilo zito kuliko yote. Shukrani isigeuzwe kuwa kufuli ya mdomo. Mkulima anayelazimishwa kujaza gunia la lumbesa, likavimba hadi kupachikwa kilemba juu, kwa bei ya gunia la kawaida, anastahili mizani, na hakuna daftari la baraka linaloweza kuchukua nafasi ya mizani. Mama wa nyanya anahitaji mtaro usiofurika mvua za masika na choo chenye maji. Mzee wa mkokoteni anahitaji kulipwa kabla ya kushukuriwa, na vizuri vyote viwili vije pamoja. Tukimshukuru huku tunampunja, ndiyo ile asante ya punda.

Kuku wangu alipokuwa tayari, nilimlipa kijana na kumwambia asante, kazi yako safi. Akaniangalia kidogo kama mtu anayetafuta kasoro kwenye maneno, kisha akasema, "Karibu tena, bosi," na kuniongezea gazeti la pili la kufungia. Nikavuka kwenda kwa mama wa nyanya.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Jumamosi mbili hukuonekana. Nikasema huyu ama kasafiri ama anaumwa. Na leo umemwacha wapi yule mdogo wako wa kupenda miwa?"

Nilibaki na mkono mfukoni. Mwaka mzima nilidhani mimi ndiye mtazamaji na soko ndilo mchezo. Hata hili watafiti walishalipima, kwa jaribio lililochapishwa mwaka 2017. Waliwaketisha watu wawili wasiojuana kwenye chumba cha kusubiri, kisha wakamtaka mmoja aandike yote aliyoyaona kwa mwenzake, na mwingine aandike anadhani mwenzake ameona nini kwake. Watu walikuwa wameona mengi kuliko walivyodhaniwa kuona. Kila mmoja wetu hutembea akiamini amejifunika joho la kutoonekana: yeye anatazama wote, wala hatazamwi. Kumbe macho ya upande wa pili nayo hayana pazia.

Nilimwambia nilikuwa safarini Tanga, na mdogo wangu amebaki nyumbani na homa kidogo. Nikamwambia pia kwamba nilikaa pale kwenye kreti nikamwona anavyozigeuza nyanya, mashavu mazuri mbele. Akacheka hadi akashika mbavu. "Umeniona! Sasa nifanyeje, mwanangu, hata sisi tukitoka nyumbani si tunapaka mafuta?"

Nikanunua mafungu mawili bila kuomba punguzo. Akayamimina kwenye mfuko, akatafakari, akachagua nyanya moja kubwa kutoka ndani ya tenga nyuma yake. "Ya mgonjwa hii," akasema. Nilipofika nyumbani niliigeuza huku na huku chini ya bomba la maji. Mashavu yote yalikuwa mazima.